Daftari, simu, lebo ya redio au blokicheni: chama cha kahawa kichague nini?

Barua yenyewe huwa fupi. Mnunuzi wa Hamburg au Antwerp anasema kahawa yenu anaipenda na ataendelea kuinunua, ila sasa kila kontena lije na mahali lilipo kila shamba lililochangia, kwa tarakimu sita baada ya nukta. Mwenyekiti anaisoma mara mbili, anampa meneja, meneja anamtafuta kijana aliyemaliza chuo. Wiki haijaisha, wauza mifumo wamekwishapata namba. Mmoja ana programu ya simu, mwingine ana lebo za redio za kushona kwenye magunia, wa tatu anakuja na projekta na neno blokicheni, yaani daftari la kidijitali linaloshikwa na wengi na lisilofutika. Kila mmoja anaapa chake ndicho kinachotakiwa Ulaya.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo upande wa chama, si upande wa projekta. Nalinganisha hapa njia nne kwa macho ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya kahawa ya kawaida: wanachama mia kadhaa, ghala moja, karani wa mizani mmoja au wawili, na umeme unaokuja ukipenda.

Tuanze na kinachotakiwa, maana nusu ya mnachouziwa hakitakiwi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1115, ambayo wengi wanaiita EUDR, inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Bidhaa isitoke kwenye ardhi ambayo msitu wake ulikatwa baada ya 31 Desemba 2020, na iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka. Shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake. La hekta 4 au pungufu linaweza kutajwa kwa nukta moja ya ramani, yaani latitudo na longitudo yake. Utekelezaji umesogezwa mara mbili, na sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, 30 Juni 2027 kwa zile ndogo. Anayeingiza taarifa kwenye mfumo wa Ulaya ni mwagizaji wa huko, wala si ninyi. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia mfumo "unaozungumza na Brussels", mshukuruni na mumsindikize hadi getini. Kitu ambacho chama kinahitaji kuwa nacho ni orodha safi ya mashamba, na uwezo wa kusema kahawa ya kundi hili imetoka kwenye mashamba yapi ya orodha hiyo.

Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo linaloamua mnunue nini. Jiulizeni: kahawa yenu inachanganyikia wapi?

Kwenye chama cha arabika chenye CPU, yaani kituo cha pamoja cha kumenya na kuosha kahawa, mkulima analeta kahawa mbivu jioni, inapimwa, inamwagwa kwenye pipa moja na ya wenzake hamsini. Kuanzia dakika hiyo hakuna tena kahawa ya mzee fulani. Kuna kahawa ya siku ile. Inamenywa pamoja, inavundikwa pamoja, inalala kwenye meza moja ya kuanikia. Kisha inafika kwenye kinu cha kukobolea, magunia yanamwagwa tena, ganda linatoka, punje zinachambuliwa kwa ukubwa kuwa AA, A, B, PB na kuendelea. Gunia la kilo 60 linalopanda meli limeshachanganywa mara mbili na kutenganishwa mara moja. Kule Kagera kwenye robusta hali ni tofauti. Mkulima anaanika nyumbani na kuleta maganda makavu, yaani kahawa iliyokauka ndani ya ganda lake, kwenye gunia lake, hivyo gunia linabaki la mtu mmoja hadi ghalani.

Sasa fikiria lebo ya kisasa, iwe ya namna yoyote, iliyoshonwa kwenye gunia. Gunia likimwagwa, lebo imebaki mkononi na kahawa imekwenda. Muuzaji wa lebo hasemi hivyo. Kinachovuka mchanganyiko ni namba ya kundi pamoja na orodha ya waliochangia kundi hilo. EUDR inaruhusu kuchanganya, mradi mashamba yote yaliyomo yanajulikana na yote yako sawa. Haikubali kuchanganya kahawa inayojulikana na isiyojulikana halafu kugawanya kwa hesabu za karatasi. Mkulima mmoja asiye na nukta akimwaga debe lake kwenye pipa, kundi zima la siku lina doa.

Kwa kipimo hicho, tuziangalie njia zenyewe.

Daftari, na Excel nyuma yake

Daftari lisidharauliwe. Halihitaji chaji, mkulima anaweka sahihi au dole gumba na anaona kilo zake zikiandikwa, na wazee wanaliamini. Daftari la mapokezi likiandikwa kwa siku, kila ukurasa ukiwa na namba ya kundi juu yake, kazi ya ufuatiliaji imekwishafanyika kwa asilimia kubwa. Nimeona chama kilichokuwa na daftari la namna hiyo kikijibu swali la mnunuzi kwa saa moja, na kingine chenye mfumo wa mamilioni kikishindwa kwa siku tatu kwa sababu aliyekuwa na nywila alikuwa amehama.

Tatizo linakuja kwenye kunakili. Mtu anaandika nukta za mashamba kwa kalamu, mwingine anazipiga kwenye Excel, na hapo ndipo vioja vinapoanzia. Nukta ya Kibosho, Kilimanjaro, ni kama -3.25 na 37.32. Ukipoteza alama ya kutoa, shamba limehamia kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr na jangwa la Chalbi. Ukigeuza mpangilio, ukaweka ya kwanza nyuma na ya pili mbele, mkulima wa Kibosho sasa analima kahawa mkoa wa Granada, Hispania. Si utani: faili za ramani za GeoJSON ambazo wanunuzi wanazitaka huanza na longitudo, ilhali watu wengi tumezoea kuanza na latitudo. Excel nayo ina tabia yake ya kufuta sifuri za mwisho, kwa hiyo 37.340210 inakuwa 37.34021, na mtu wa upande wa pili anahesabu tarakimu tano badala ya sita.

Excel ina kazi nyingine ambayo inaifanya vizuri sana, nayo ni kushuku. Kwa makadirio, kilo tano za kahawa mbivu zinatoa kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda. Kama kundi la siku lilipokea kilo 3,000 mbivu, mtegemee kilo 600 hivi mezani. Mkipata 900, kuna kahawa imeingia kwa mlango wa nyuma. Vilevile, mwanachama wa robo hekta akileta tani mbili za kahawa kavu, ama amegundua mbegu ambayo watafiti wa kahawa wa TaCRI pale Lyamungo hawajaisikia, ama anapitisha kahawa ya jirani. Mkaguzi yeyote ataanzia hapo, na fomula mbili za Excel zinatosha kumtangulia.

Simu yenye fomu, na msimbo wa QR kwenye gunia

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa vyama vingi, nami nasema mapema ili msomaji ajue nilivyoegemea. Simu moja ya Android ya kawaida ikiwekwa KoboToolbox, programu ya kujaza fomu ambayo mpango wake wa msingi haulipiwi, inapiga nukta ya shamba, picha, jina na namba ya mwanachama pasipo mtandao, halafu inatuma ikifika penye mtandao. Nukta haipiti kwenye kalamu wala kidole cha mtu. Inatoka kwenye simu moja kwa moja. Granada imeondoka kwenye hesabu.

Lakini tarakimu sita zisimdanganye mtu. Tarakimu ya sita hapa kwetu karibu na ikweta ni kama sentimita 11 ardhini. Simu ya kawaida, mahali peupe, inakosea kwa mita tano hivi; chini ya migomba na miti mikubwa ya kihamba inakosea zaidi. Ina maana tarakimu za mwisho ni mapambo, ila mapambo yanayotakiwa. Kwa nukta moja katikati ya shamba haina shida. Shida ni mnunuzi akiomba mipaka hata kwa mashamba madogo, kama baadhi yao wanavyofanya kwa kujihami. Kuzunguka robo hekta kwa kosa la mita tano kila kona kunaleta michoro inayopandana, na majirani wawili wanaanza kuonekana wanalima shamba moja. Msikubali mipaka kwa mashamba ya chini ya hekta 4 bila kuuliza nani anayelipia kazi hiyo, maana sheria haiwalazimishi.

Nikae kidogo kwenye kihamba, kwa sababu wauza mifumo wanakiruka. Shamba la Kilimanjaro lina kahawa chini, migomba katikati na miti mikubwa juu. Ukilitazama kwa satelaiti unaona msitu. Kuna ramani za dunia za misitu ya mwaka 2020 ambazo zinapaka mashamba ya aina hii rangi ya msitu, na mtu wa Ulaya akiweka nukta yako juu ya ramani hiyo anaona alama nyekundu. Kisheria umeshinda, kwa kuwa ardhi inayotumika zaidi kwa kilimo, hata ikiwa na miti, si msitu kwa tafsiri ya EUDR. Ila lazima uwe na cha kuonyesha. Kwa hiyo fomu ya simu iwe na maswali mawili ambayo hayamo kwenye fomu za kunakili: mibuni ilipandwa lini, na picha ya shamba kutoka ndani. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana chombo cha bure kinachoitwa Whisp ambacho kinalinganisha nukta na ramani nyingi kwa mpigo badala ya moja. Afadhali mpitishe orodha yenu huko wenyewe kabla ya mnunuzi, mjue ni mashamba gani yatazua maswali.

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya vipuri vya magari, mahali penye grisi na vumbi. Ukichapwa kwa kiwango cha juu cha kinga unasomeka hata karibu asilimia 30 yake ikiharibika. Unafaa ghalani. Makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza ni kuubandika kwa gundi kwenye gunia la juti. Unadondoka kabla lori halijafika barabara ya lami. Fungeni kadi kwa uzi mdomoni mwa gunia. La pili ni kujaza taarifa zote za mkulima ndani ya msimbo. Wekeni namba ya kundi tu, na namba hiyohiyo iandikwe chini yake kwa tarakimu kubwa, ili simu ikizima mtu aisome kwa macho.

Kitu ambacho ningekinunua kabla ya lebo yoyote ni mizani ya kidijitali iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, inayotuma kilo kwenye simu kwa Bluetooth na kutoa risiti papo hapo. Mkulima hajali Brussels. Anajali kilo mbili ambazo kila msimu anahisi zinapotelea mizanini. Mkimpa risiti inayotoka bila mkono wa karani, atawapa nukta ya shamba lake bila kubembelezwa.

Programu ya mnunuzi

Haipo kwenye kichwa cha habari lakini ndiyo inayokuja mara nyingi. Msafirishaji anasema: msihangaike, tumieni yetu, ni bure. Na mara nyingi ni nzuri, imefanyiwa kazi, inasomeka Kiswahili. Mimi nauliza mambo matatu tu. Je, tunaweza kupakua orodha yote ya wanachama na nukta zao siku yoyote, kwa faili linalofunguka kwingine? Msimu ujao tukimuuzia mwenzako, taarifa zinabaki kwa nani? Na mkulima alipotoa jina, picha na mahali anapoishi, alisaini kumpa chama au kukupa wewe? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Ridhaa ya mkulima si karatasi ya kupamba faili. Msafirishaji akijibu la kwanza kwa "ndiyo" na kuonyesha palepale kwenye simu, chukueni. Akianza kueleza, wekeni orodha kwanza kwenye Kobo yenu, halafu mumpe nakala.

Lebo za RFID

Hizi zinasomwa kwa mawimbi ya redio bila kuziona. Za masafa ya 860 hadi 960 MHz, ambazo hazina betri, zinaweza kusomwa mita kadhaa mbali na kwa mamia kwa wakati mmoja. Forklifti ikipita mlangoni na magunia 30, kila gunia limejitaja. Ni teknolojia nzuri, na lebo yenyewe siku hizi ni senti chache za dola ukinunua nyingi. Kinachouma ni kisomeo: cha mkononi huanzia mamia ya dola, na cha maana kinapita elfu moja. Tena mawimbi hayo yananyonywa na maji na kurudishwa na chuma, hivyo kwenye kahawa mbivu iliyojaa maji mnatupa fedha.

Kwa AMCOS yenye magunia mia tatu ghalani, karani akiwa na simu atayasoma yote kwa QR kabla chai haijapoa. Kwa kinu au ghala kuu linalopokea maelfu ya magunia kutoka vyama makumi, mazungumzo ni mengine, na pale ningewashauri wahesabu saa za kazi wanazopoteza kutafuta mzigo kisha waamue. Sina zaidi la kusema juu ya hili.

Blokicheni

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Walmart na IBM: kufuatilia maembe yaliyokatwa hadi shambani kulichukua karibu siku saba kwa njia ya kawaida, na sekunde 2.2 kwa blokicheni. Ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba sekunde hizo zilitokana na taarifa kuwa zimeshaingizwa kidijitali na kila mtu kwenye mnyororo. Kanzidata ya kawaida yenye taarifa hizohizo nayo ingejibu upesi.

Blokicheni ina maana pale ambapo wengi wasioaminiana wanaandika kwenye kitabu kimoja na hakuna anayetaka mwingine akishike. Hata hapo si rahisi. Maersk na IBM walizindua TradeLens mwaka 2018 kwa ajili ya nyaraka za mizigo ya meli, na Novemba 2022 wakatangaza kuifunga kwa sababu ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Kama Maersk hakuweza kuileta sekta nzima mezani, chama chenu hakitamleta mwenye kinu. Na karani akiandika kilo 73 badala ya 37, blokicheni itaitunza 73 kwa uaminifu wote milele.

Wanaosema inakula umeme wa nchi nzima wamepitwa kidogo. Ethereum ilibadili utaratibu wake Septemba 2022 na matumizi yake ya nishati yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Sababu yangu ya kuikataa kwa AMCOS si umeme.

| | Daftari na Excel | Simu na QR | RFID | Blokicheni |
|---|---|---|---|---|
| Nukta za mashamba | Makosa ya kunakili | Nzuri | Haihusiki | Haihusiki |
| Bila mtandao | Ndiyo | Ndiyo, hutuma baadaye | Kwa kiasi | Hapana |
| Inavuka mchanganyiko? | Ikiwa na namba ya kundi | Ikiwa na namba ya kundi | Hapana, hadi uandike kundi | Hapana, hadi uandike kundi |
| Gharama inayouma | Muda wa karani | Simu, mafunzo | Visomeo | Mshauri |
| Ikiharibika nani anatengeneza? | Yeyote | Kijana wa kijijini | Fundi wa mjini | Aliyewauzia |

Mstari wa tatu ndio ningewasomea bodi kwa sauti.

Kwa hesabu ya mfano tu: kontena la futi 20 linachukua magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Kama mwanachama wenu kwa wastani anatoa kilo 150 za kahawa yenye ganda, na kinu kinarudisha asilimia 80, kila mmoja anachangia kilo 120 safi, hivyo kontena linabeba watu 160. Nukta 160. Hiyo si kazi ya akili bandia. Ni kazi ya vijana wawili, pikipiki moja na wiki tatu.

Kwa hiyo chama chenye CPU: simu na Kobo kwa mashamba, daftari la mapokezi lenye namba ya kundi la siku, mizani yenye risiti, kadi ya QR kwenye gunia linalokwenda kinuni. Fedha ikibaki, itumieni kwenda kuzungumza na mwenye kinu. Muulizeni anahitaji kilo ngapi ili awashe mashine kwa ajili ya kundi lenu peke yake, na kama namba yenu itaandikwa kwenye karatasi ya matokeo ya ukoboaji. Akikataa, hakuna teknolojia kati ya hizi nne itakayowaokoa, na ni bora mlijue hilo Machi kuliko Oktoba. Chama cha robusta kinachopokea maganda makavu kinaweza kuanza na daftari na nukta tu, kikaongeza QR msimu wa pili, kwa kuwa gunia lake linabaki la mtu mmoja kwa muda mrefu. Chama kikuu chenye kinu chake, RFID ijadiliwe. Blokicheni muachieni msafirishaji, akiitaka aijenge juu ya orodha yenu kwa gharama zake.

Kabla ya kusaini lolote, jaribio ni dogo. Chukueni wanachama kumi, pigeni nukta zao, mpelekeeni kijana afungue faili kwenye ramani bila kuambiwa ni za wapi. Akisema zote ziko Kibosho, endeleeni na walio mia na hamsini waliobaki. Akiuliza mbona chama kina mwanachama Hispania, mmejua pa kuanzia.